Waya Mweupe

Ituna, Saskachewani, mwisho wa Oktoba.
Saa kumi na mbili asubuhi, giza bado limenuna,
mnada wa ndama ni saa tano, Yorkton,
na tela halishiki breki.
Kijisanduku chini ya usukani kilikonyeza taa nyekundu,
kikazima, kikakonyeza tena,
kama mtu mwenye siri asiyetaka kuitamka.

"Ni gari lako," alisema Myron.
"Ni tela lako," nilisema.
Hayo ndiyo maneno yetu ya kwanza tangu Machi,
tangu wakili alipolikata shamba la mama vipande viwili,
kaka akapewa zizi, mimi mashine.

Basi tukaanzia mpakani, kwenye plagi ya meno saba:
huku kwangu, kule kwake.
Nikagusisha mita kwenye jino la bluu,
mwanangu Danylo akabonyeza kitufe ndani ya gari.
Volti kumi na mbili na nusu.
Nikamwonyesha Myron, sikumwambia kitu.
Niseme ukweli: nilifurahi.

Akatandika gunia juu ya theluji nyembamba,
akalala chali, akaingia uvunguni.
Alipapasa waya kwa vidole visivyo na glavu,
akitafuta palipochubuka, palipotafunwa na panya.
Hakuna.
Kwenye gurudumu la nyuma, volti nne.
"Nane zimekwenda wapi?" aliuliza,
na aliyeulizwa ni chuma, si mimi.

Danylo akaleta dira yake ya skauti,
akaisogeza karibu na ngoma ya breki.
Nikabonyeza.
Mshale ukashtuka kidogo, kama mgonjwa aliyeitwa jina,
ukarudi kulala kaskazini.
Sumaku ipo, basi. Nguvu ndiyo haipo.

Myron alikaa kimya chini kule, muda mrefu,
naona buti zake tu.
Kisha: "Umeme unafika. Haurudi."

Akatoka, akaufuata waya mweupe,
ule ambao hakuna anayeutazama,
hadi mbele, kwenye bolti moja karibu na ndoano.
Akaikwaruza kwa ukucha.
Rangi ya kijani. Mikono miwili, safi, bila michirizi.

Niliipaka mimi.
Kiangazi kile mama hawezi tena kushuka ngazi,
nilitaka akichungulia dirishani
aone kitu kipya uani.
Nikafungua bolti, nikapaka hata chini yake,
nikairudisha juu ya rangi, nikakaza kwa spana.
Mimi na uhodari wangu.

"Ulipaka vizuri," alisema Myron.
Sikujua ananikejeli au ananishukuru;
nadhani na yeye hakujua.
Akanipa kipande cha msasa.

Nikasugua mpaka chuma kikang'aa kama jino jipya.
Tukafunga waya. Danylo akabonyeza mwenyewe,
na mshale wa dira ukaruka, ukaisahau kaskazini,
mtoto akacheka peke yake.

Ndama kumi na wawili wakapanda, wakitoa mvuke.
Myron aliegemea mlango wa gari langu,
akautazama, akapanda pia.

Kwenye njia panda ya kwanza nilikanyaga.
Tela likatuzuia polepole kutoka nyuma,
kama mtu aliyekushika upindo wa koti.

"Zimeshika," alisema.
"Zimeshika."

Zilibaki kilomita themanini na kitu.
Akafungua chupa ya chai, akamimina kifuniko kimoja,
akanywa nusu,
akakishikilia katikati yetu.