Masale ya Urali

Mwalimu Eliakunda ametundika ramani
kwenye msumari wa kalenda ya mwaka juzi.
"Hapa Ulaya," fimbo yagonga. "Hapa Asia."
Aikande, dawati la nyuma,
matope ya Uru bado viatuni:
"Sasa bahari iko wapi kati yao?"

Hakuna bahari. Kuna milima ya Urali,
mto mmoja, na mtu aliyeketi mezani
akasema basi, iwe hapa.

Kwetu mpaka hupandwa.
Babu alichimba, akashindilia isale,
jirani amesimama, kata ya mbege mkononi.
Aling'oaye usiku, hata mbuzi wake hasalimiwi.

"Na Afrika, mwalimu?"
Warumi waliita hivyo kipande cha pwani,
huko upande wa Tunisi,
kihamba kimoja tu, tuseme.
Jina likatambaa kama mboga ya maboga,
likavuka jangwa, halikubisha hodi,
likapita migombani kwetu
likapanda hadi kwenye theluji.

Kengele. Leo makande.
Aikande habanduki, kidole juu ya Urali,
anahesabu kwa midomo
masale mangapi yangetosha,
na majirani gani waitwe washuhudie.