Milimita Nne

Jumatatu nilimsimamisha Nkwimba juu ya meza ya mwalimu,
nikamwambia asimame kama anayesubiri ndoo ijae.
Nukta moja ya kalamu kwenye mfupa wa ndani wa mguu,
rula kutoka mezani hadi kwenye nukta:
milimita ishirini na tatu.
Nikaandika. Mwandiko wangu siku ile ulikuwa mzuri.

Alhamisi, meza ileile, rula ileile.
Nukta ilishaondoka na maji ya ziwa na sabuni ya mche,
nikautafuta mfupa upya kwa kidole gumba.
Mfupa wa mtoto hauna kona.
Unakwepa chini ya ngozi kama sato ndani ya beseni.
Ishirini na saba.

Rula haikurefuka. Mtoto hakukua kwa siku tatu.
Nyangeta akaja na kidole chake, chembamba kuliko changu,
akapata kumi na tisa,
akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Tulikuwa na fomu pia, vipengele sita:
kisigino kimelalia upande gani,
vidole vingapi vinachungulia ukimtazama kwa nyuma,
tao la unyayo limeshuka kiasi gani.
Kiasi gani!
Nyangeta alijumlisha akapata tisa, mimi sita,
na kati ya sita na tisa
kuna soli za kuagiza kutoka Dar,
kuna mama anayeanika dagaa mchangani hapa Igombe
na mvua ya wiki iliyopita iliyomwozeshea nusu.

Nkwimba naye hakutulia.
Nje wenzake walikuwa wanacheza rede;
kila kelele ilipopanda uzito wake ulihamia kulia,
unyayo ukafunguka, ukajikunja tena.
Tulidhani tunapima mguu. Tuliandika rede.

Ndipo nikaviona viatu vyake chini ya meza,
yeboyebo za kijani, zimelika kwa ndani
kama kipande cha sabuni kilichobaki.
Nikasema moyoni, shahidi huyu hapa,
hana kidole gumba, hana haraka ya kurudi mjini.
"Hivyo vilikuwa vya Lugendo," Nkwimba akasema. "Kaka yangu."
Lugendo aliviachiwa na nani, sikuuliza.

Mama yake alifika saa sita, magamba yamemkaukia mikononi.
"Sasa ni bapa au si bapa?"
Nikaanza kueleza: kipimo, mpimaji, tofauti,
nikajisikia nikiongea kama karatasi.
Akanikata.
"Mimi nikimpimia mteja sado, akisema imepungua,
tunamwaga. Tunapima upya, yeye ameshika, mimi nimeshika."

Tukamwaga.
Nyangeta alishika kifundo, mimi rula,
mama akashika mabega ya mwanawe
na kumwambia kitu kwa Kisukuma kilichomfanya acheke, kisha atulie.
Mara tatu. Ishirini na mbili. Ishirini na nne.
Ya tatu tulibishana, tukaiacha ishirini na mbili na nusu.

"Unaumwa ukikimbia?" nikauliza mwishoni,
swali ambalo fomu haikuliwekea mstari.
Akatikisa kichwa, macho yako dirishani.

Kisanduku cha jibu kilikuwa na nafasi ya namba moja.
Nilizibana zote tatu humo, na tarehe, na majina yetu.
Nilipoinua macho, meza ilikuwa tupu.
Alisharuka, yuko katikati ya rede,
na viatu vya Lugendo amevisahau.