Mbuzi Asiye na Jino

Tulifika Hamra saa tano, mwezi wa saba,
kipimo cha gari kikisema arubaini na sita
na shangazi Shinuna, kiti cha nyuma, akikibishia:
ni zaidi, hiki kinatuonea haya.
Njiani tulikula khunaizi, nyekundu,
nusu ngumu, nusu asali,
kokwa tukitemea kwenye kikombe cha karatasi
maana gari ni la mkwe wa Zawan, lisinate.

Nyumba imekaa juu ya mwamba, ghorofa tatu,
udongo na makapi, rangi ileile ya mlima.
Ungeipita kama si kibao.
Tiketi riali mbili, watoto bure.
"Na wajukuu?" akauliza shangazi.
Muhanna, kijana wa zamu, kofia yake bado ina wanga,
akacheka bila kuelewa, akampa chenji.

Ndani, baridi.
Si ya mashine. Kuta za dhiraa mbili
zimeuficha usiku wa jana
na zinautoa kidogo kidogo, kwa ubahili.

Tukaonyeshwa chumba cha tende:
sakafu ina mifereji, magunia yalipandana hadi darini,
yakajikamua kwa uzito wao wenyewe,
asali ikatambaa gizani ikitafuta mtungi.
Tukaonyeshwa barza, mabirika, bunduki isiyo na kitako,
na shajara ya ukoo, ukuta mzima,
Saif bin, Nasir bin, bin, bin,
mti wenye matawi mengi na hakuna aliyezaa.

Jikoni, nyuma ya kamba,
kilikuwepo kitu kidogo cha mbao, miguu yake imepishana mkasi.
Kibandiko kilisema: *Kigoda cha mtoto.*
Shangazi akasimama.
Mbele ya kigoda, ulimi wa chuma umekatika
palipokuwa na meno.
"Mtoto gani huyo," akasema, "aliyekalia mbuzi?"

Akamfasiria Muhanna kwa Kiarabu, neno kwa neno,
na Muhanna, Mungu amhifadhi,
akageuka kutazama mlangoni mnyama ameingilia wapi.

Basi mwanamke wa miaka sabini na moja
akaivuka kamba ya makumbusho,
akakusanya nguo, akakaa upande,
mkono umeshika kifuu kisichokuwepo,
kiwiko nje, kiganja kinazunguka, kinazunguka,
na kwa mdomo: kru, kru, kru.
Hakuna aliyemkataza.

Hamra haina mnazi hata mmoja.
Wa karibu uko Salala, siku nzima kwa gari;
na wakati ule, kwa ngamia, sijui.
Ni nani aliyekipandisha hiki mlimani
akakiweka kati ya vinu vya wakwe zake?
Alikuna nini?
Labda nazi moja kwa mwaka, ikifika haijaoza.
Labda alikikalia tu, akichambua dengu,
na watu wakasema: ana kigoda chake yule, mwacheni.

"Ni cha bibi?" nikauliza.
"Sijui," akasema shangazi. "Mama alitaja mlima tu,
na maji ya falaji yanayouma vidole asubuhi.
Milima iko mingi."

Muhanna akatoa kalamu mfukoni.
Linaandikwaje? Akalijaribu kwa herufi zake,
mim, ba, akalisoma kwa sauti,
akalikosea, akarekebishwa, akalikosea tena.

Tukashuka. Jua likatupiga usoni.
Nizwa, shangazi akamwambia Zawan asimame,
akaingia supamaketi peke yake
akatoka na nazi moja ndani ya wavu wa plastiki,
imetoka India, kibandiko kinang'aa.
Akaipakata hadi Maskati, kilomita mia na sitini,
akiitikisa mara mojamoja sikioni
kusikia kama bado ina maji.

Nyumbani kwetu hakuna mbuzi.
Sote tulijua, garini.
Zawan akaongeza kipupwe.