Kasoro: Tundu Moja

Mchana napima korosho ghalani Mikindani.
Chota, pasua, tazama, hesabu:
nyeupe daraja la kwanza, yenye madoa la pili,
yenye tundu la mdudu, pembeni.
Jioni nafungua kopo la biskuti
nageukia sarafu, kwa jicho lile lile.

Jumanne akaja Somoe Nalinga wa Mitengo,
akafungua pindo la kanga.
Dola kumi ya Marekani. Dhahabu.
Mwaka hamsini na saba wa karne ile ya meli za matanga,
herufi S chini ya mkia wa tai.
Nina shaba za Kilwa, nina rupia za Mjerumani;
hii niliijua kwa picha tu.
Viganja vikanitoka jasho.

Ilifikaje? Hajui.
Zamani, anasema, amerikani ilikuwa nguo,
haikuwa nchi.
Labda mnunuzi wa sandarusi aliishiwa majora
akalipa kwa kilichobaki mfukoni.
Labda.

Nikaiinamia na lenzi.
Nywele za yule bibi zimelainika juu ya sikio,
kifua cha tai kimelala,
ukingoni meno yote yapo.
Daraja zuri, nikaanza kusema,
kisha nikahesabu nyota: kumi na mbili.
Ya kumi na tatu imeliwa na tundu.

“Nani aliitoboa?”
“Sonara wa Lindi, siku bibi yangu alipotoka unyagoni.”
“Na nani kaisugua hivi?”
“Mimi. Kila Idi, kwa majivu na ndimu.”
Nikashika kichwa.

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wakulima,
macho yakiwa kwenye meza:
dhahabu ni ile ile, bei ya uzito utaipata,
ila mkusanyaji hataki tundu, hataki kung’arishwa,
daraja limeshuka, mama, limeshuka sana.

Alicheka mpaka akashika ukuta.
“Masikio yangu yana matundu matatu huku, matatu huku.
Mama yangu walimtoboa mdomo, wakamtia ndonya.
Sisi umetuweka daraja la ngapi?”

Daftari langu lina safu ya kasoro.
Niliandika *tundu*, nikakata,
nikaandika tena.
Yeye alikwisha kufunga pindo.
Hata bei hakuuliza.

Mizani ikabaki inasoma nukta sifuri mbili
na juu yake hakuna kitu.
Nikapitisha kidole: mafuta ya nazi.
Kesho kuna mnada wa korosho, asubuhi na mapema.
Nitaifuta kesho.