Kichupa cha Kumi na Saba

Alfajiri ya Julai, Barabara ya Ngong.
Ukungu umelala juu ya nyasi za mashindano
na pumzi zatoka mabandani kama moshi wa kuni mbichi.
Mimi nashika kichwa, Daktari Wanjala anashika sindano.
Tulia, Zafarani.
Kidole gumba shingoni, mshipa unavimba
mnene kama kamba ya ndoo,
na damu inaingia kichupani bila kelele,
nyeusi kidogo kuliko nilivyotarajia.

Mwaka wa kumi na moja huu mimi ni saisi.
Ugonjwa nilikuwa naujua kwa pua:
jasho lenye harufu ya siki, masikio ya baridi,
farasi anayeacha shayiri akaukodolea ukuta.
Siku hizi wanabandika mistari myeusi kichupani,
mistari isiyo na jina wala ukoo,
na boksi la barafu linapanda pikipiki kwenda Kabete.

Nililifuata mara moja. Nikaiona mashine.
Haina uso. Ina mkono mmoja
unaochovya, unaonyonya, unaodondosha,
unaojiosha ncha, kisha unarudi,
vichupa arobaini na vinane bila kupiga mwayo.
Nafuna wa maabara alikuwa akinywa chai.
Nikamwuliza: inajua yupi ni Zafarani?
Akacheka. "Inajua rangi tu, mzee.
Ikigeuka njano, yumo."

Nikarudi nikamsugua Mwewe, yule kikongwe wa kikohozi,
taratibu,
maana moyoni nilikuwa nimeshamzika.

Saa nane simu ikatetemeka mfukoni, katikati ya pumba.
Mwewe, safi.
Wengine safi, safi, safi.
Kumi na saba: njano.

Kumi na saba, anayeng'aa kama sufuria ya dukani!
Aliyeshinda Jumapili, akanipangusia povu begani!
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema.
Hii haikuwa nguo. Ilikuwa ngozi
niliyoipiga brashi kila siku, na sikuona kitu.

Watapima tena. Mashine haioni haya kurudia.
Daktari amechora mstari wa chokaa mlangoni:
ndoo yake peke yake, brashi yake,
viatu vya kuingilia, viatu vya kutokea.
Chafuo hawasomi chokaa,
kwa hiyo nimetundika chandarua, cha kwangu, kile cha kitandani.

Jioni anagonga mlango kwa kwato. Anadai karoti.
Naivunja vipande viwili.
Kimoja namrushia.
Kingine nakila mimi, upande huu wa mstari.