Kioo cha Walukuba

Mke wangu Kawudha aliuliza mara moja tu:
"Samaki asiyeliwa, ni samaki gani huyo?"
Sikujibu. Nilikuwa napandikiza nyasi
kwa kibano chake cha nyusi,
shina moja, kisha shina moja,
kwenye mchanga niliouchekecha kwa chekeche la unga.
(Hilo la chekeche hajalijua.)

Kioo kilikuwa dirisha la kiwanda cha nguo.
Nilikikata mwenyewe, nikakiunga kwa gundi ya gereji.
Kilivuja siku tatu. Ya nne kikatulia.

Nyasi hizi hazina tamaa ya kimo.
Zinatambaa, zinashikana vidole,
kama nywele za mtoto kabla ya arobaini.
Na juu yake samaki saba wa kinamasi cha Kirinya,
waliokuja Jinja mjini ndani ya chupa ya soda,
kila mmoja urefu wa njiti ya kiberiti,
jicho lake cheche ya buluu
hata taa ikiwa imezimwa.

Jana umeme ulikatika saa nne.
Pampu ikakohoa, ikanyamaza.
Nilipozinduka saa nane, upande wake wa kitanda
ulikuwa baridi.

Sebuleni, mshumaa.
Kawudha na kikombe cha bati:
anateka, anainua, anamimina kutoka juu,
kama anayepoza uji wa mgonjwa.
Mapovu yanashuka hadi kwenye nyasi.

"Kalale," akasema. "Nimefika mia mbili na kumi.
Na kibano changu kirudishe."