Mjusi wa Bondeni

Mwembe Tayari, ghorofa
ya pili, kuta na nyufa,
ndipo nilipo na sifa
ya uganga mitamboni.

Si uganga wa hirizi
wala kafara ya mbuzi,
ni bisibisi na uzi
na kurunzi mdomoni.

Alinipigia Nyevu
usiku, sauti kavu:
"Fundi, tuna maumivu,
njoo upesi dukani.

"Mashine ina mistari,
chombo chagonga kwa ari,
na kesho bango tayari
latakiwa mlangoni.

"Ni bango la zahanati
ya mkunga Bi Zinati,
sasa amepata hati
ya kuzalisha mjini."

Nikafika. Wamenuna:
Nyevu, na bosi Haruna,
na Chivatsi, wanaguna,
feni yazunguka chini.

"Kichwa kimekufa, fundi,
kuuza gari sipendi,
na benki sasa siendi,
nimezama madenini."

Nikamwambia, "Ngojea,
kwanza tupate kujua,
hai hutamfukia
kwa kumwona kitandani."

Nikachapa ya kupima:
samawati i salama,
nyeusi nayo yasema,
nyekundu, mapengo ndani.

"Iddi stima mlikata?"
Haruna akajifuta.
"Bili," kasema, "yavuta
hela zote mfukoni."

Wino, mwana wa kunyonya,
ukimwacha atasonya,
kisha koo hujibinya,
akauke matunduni.

Kofia ina ukoko
wa wali uso na mwiko;
nikasugua, hauko,
pamba nyekundu kapuni.

Nyekundu ikarejea.
Haruna akachekea.
Chombo kikajiendea,
pu! kikagonga pembeni.

Hapo mimi nikachoka.
Saa saba imefika.
Nyevu chai kaiweka,
kaimati sahanini.

Nakiri, nilidhania
ni mkanda kulegea;
nikaufungua pia,
haukuwa na uhuni.

Kurunzi ikaanguka,
mwanga juu ukaruka
kwenye utepe: ni taka
kavu, nyeupe, kandoni.

Utepe ndio hupima
chombo mbele hata nyuma;
kikikosa cha kusoma
hujipiga ukutani.

Tukaziinua nyuso.

Darini yuko mjusi,
katulia, hana kesi,
tumbo jeupe, mwepesi,
akitutazama chini.

Laki moja na ushei
kwa choo kisicho bei!
Chivatsi acheka, "Hei,
apelekwe polisini!"

Sikutumia spiriti
(huila mistari, ati),
ni maji, pole, kwa dhati,
pembeni hadi pembeni.

Saa kumi likatoka
bango refu, limenyoka,
jina lote limewaka,
jekundu hadi pindoni.

"Mashine ya kukatia,"
Chivatsi aniambia,
"kisu kinapitilia
hadi karatasi chini."

Kisu nikakipandisha
unene wa kucha, kwisha;
busu lenyewe latosha,
si kuuma hadi ndani.

Nikaacha maagizo:
Iddi, msiba, michezo,
wino hupenda chagizo,
chapeni kila jioni.

Mjusi naye akae,
ale mbu, na azae,
haja yake ajifae
kwa jirani, dirishani.

Haruna kanipa pesa
nusu; nusu, "Si kwa sasa."
Nami nikajipangusa
wino ulio kuchani.

Alikuja Bi Zinati,
ametoka zamu, eti;
"Mapacha," hana sauti,
"wote wawili, amani."

Akaligusa kwa kucha
jina lake, akaacha
alama; na kumekucha,
wino mbichi kidoleni.